Mtani Msibani: Habari za Washabiki wa Mpira na Marehemu wa Upande wa Pili katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika Kiswahili cha magazeti na cha redio, vyama viwili vikubwa vya mpira wa miguu vya Dar es Salaam, Young Africans na Simba, vimezoea kuitwa "watani wa jadi". Msemo huu umekwisha kuwa wa kawaida, hata mtu huweza kuusikia mara kumi katika wiki ya mechi asijiulize maana yake. Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba hapa neno "mtani" limetumiwa kwa njia ya istiari tu: waandishi wa habari waliliazima kutoka katika mila za makabila, wakalivika jezi, basi. Nilisema kwamba neno lilipoingia uwanjani lilibaki na mzaha wake likaupoteza wajibu wake. Makala haya ni ya kukiri kwamba nilisema kwa haraka. Ushahidi ulionigeuza haukutoka maktabani, bali katika nyumba ya msiba huko Kilwa Kivinje, na nadhani wasomaji wa jarida hili watapenda kuusikia pamoja na historia iliyo nyuma yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi za zamani zaeleza "mtani" kwa maana mbili zinazofuatana: kwanza, mtu wa kabila au ukoo ulio na udugu na wako, pili, mtu uliyezoeana naye hata mkaweza kutupiana maneno bila kuudhiana. Kitenzi "kutania" chafuata maana ya pili, na kwa kuwa kitenzi ndicho kisikikacho zaidi katika mazungumzo ya kila siku, maana ya pili imeimeza ya kwanza. Kijana wa leo ukimwuliza utani ni nini, atakujibu kwamba ni mzaha. Mzee wa Lindi ukimwuliza, aghalabu hatakupa maana bali atakutajia watu: sisi na fulani ni watani, wao hutuzika na sisi huwazika. Katika jibu la mzee mzaha haukutajwa kabisa.

Mambo haya yameandikwa na wengi. R. E. Moreau, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba makabila mengi yenye utani ni yale yaliyowahi kupigana au kukutana katika safari za biashara. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri makala nyingi za wanafunzi, kila mmoja akieleza utani wa watu wa kwao. Wangoni, walioingia nchi ya Songea katikati ya karne ya 19 wakaishambulia nchi ya kusini hata karibu na pwani, ndio mfano unaotajwa mara kwa mara, kwa maana wanao watani wengi miongoni mwa watu waliopigana nao. Wanyamwezi na Wazaramo hawakupigana vita vikubwa. Hao waliunganishwa na njia ya misafara.

Huku kwetu kusini njia kubwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita kwa Wayao, ikaishia Kilwa Kivinje. Hapo pembe za ndovu na watu waliotekwa walipakiwa majahazini hata mwaka wa 1873, biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipopigwa marufuku, na baada ya hapo magendo hayakukoma upesi. Msomaji naafikiri hali ya mpagazi aliyeugua katika njia hiyo. Mama yake yu mbali, wajomba zake wako mbali, na wenzake wa msafara wamechoka na wana haraka. Akifa, nani atamwosha? Nani atachimba? Katika nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wapitaji, mtu alihitaji awe na haki ya kuzikwa na asiyekuwa ndugu yake. Kwa maoni yangu haki hiyo ndiyo kiini cha utani, na mzaha ni ganda lake tu. Yule aliyekuruhusu kumtukana ukiwa hai amekwisha kukufunga: siku atakayokufa huwezi kusema humjui.

Kazi za mtani msibani zajulikana. Huosha, huchimba, hubeba, na katikati ya kazi hizo hudai. Yaweza kutokea mtani akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Au akazuia jeneza mlangoni. Au akavaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake na kikohozi chake mbele ya wajane. Wafiwa hulipa, kwa kuku au kwa fedha kidogo, hucheka huku machozi yakiwatoka, na kazi huendelea. Mgeni akiona haya hudhani ni wazimu au ni dharau. Wamisionari kadhaa walidhani hivyo, na mashehe kadhaa pia.

Kutoka kwa makabila hata kufika kwenye vyama vya mpira, njia ilipita mjini. Kabla ya mpira kuenea kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride la askari, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka wa 1975. Katika miji ya pwani wachezaji wake waligawanyika pande mbili, Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuumbuana. Na pande hizo zilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na kifo. Sitakaa sana hapo, illa nataka ieleweke kwamba mtu wa pwani, kabla hajaujua mpira, alikwisha kuzoea kuwa na upande wake mjini na kuwa na watu wa upande wa pili ambao bila wao upande wake haukuwa na maana.

Young Africans ilianzishwa mwaka wa 1935. Mwaka wa 1936 kikaanzishwa chama ambacho baadaye kiliitwa Sunderland, na tangu mwaka wa 1971 kinaitwa Simba. Masimulizi yanayojulikana sana Kariakoo yasema kwamba walioanzisha cha pili walitoka katika cha kwanza. Ikiwa ndivyo, basi hawa ni watani hata kwa maana ile ya kwanza ya kamusi, watu wa ukoo mmoja waliogawana nyumba. Mmoja akajenga Jangwani, mwingine Msimbazi, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Majina wanayobandikana ni hazina kwa mwanafunzi wa lugha. Watu wa Yanga huitwa vyura kwa sababu Jangwani hujaa maji mvua ikizidi. Watu wa Simba huitwa mikia. Hata ndani ya chama kimoja majina hayakukosa: Yanga ilipogawanyika katika miaka ya 1970, upande mmoja uliitwa Kandambili na wa pili Raizoni, kiatu cha maskini na kiatu cha fasheni, na mgawanyiko huo ukazaa Pan African mwaka wa 1976. Sijaona fungu la maneno linaloonyesha hali za watu wa mjini wakati ule vizuri zaidi ya jozi hizo mbili za viatu.

Utani huo ulifikaje Kilwa na Lindi? Ulifika kwa sikio. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka wa 2003, msafiri wa kusini alivuka mto Rufiji kwa pantoni ya Ndundu, na wakati wa masika barabara yaweza kusemwa kwamba haikuwako. Washabiki wengi wa Kilwa, Lindi na Nachingwea waliishi maisha yao wakiwapenda au wakiwachukia watu ambao hawakuwahi kuwaona. Walikusanyika penye redio, na sauti ya mtangazaji ndiyo iliyokuwa uwanja. Nimewasikia wazee wa Lindi wakibishana kama mchezaji fulani wa mwaka wa 1968, Yanga ilipoifunga Sunderland mabao 5 kwa 0, alikuwa mrefu au mfupi. Hakuna aliyekuwa amemwona, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mambo yamebadilika tangu mwaka wa 2019, Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu, na mkoa wa Lindi ukaanza kuwaona hao wakubwa kwa macho. Mwaka wa 2020 Namungo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 huko Sumbawanga. Lakini wale ninaowaeleza hapa ni watu wa redio, na mchezaji waliyemwona kwa macho alikuwa wa kwao wenyewe, wa timu ya mji wao au ya mji wa jirani.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu kwa tumbo moja, alikuwa mchezaji wa namna hiyo. Katika miaka ya 1970 alikuwa winga wa kushoto wa timu ya Kilwa Kivinje, na wapinzani wake wakuu walikuwa vijana wa Kilwa Masoko. Asiyeijua Kilwa naajue kwamba Kivinje ndiko kulikokuwa na boma la Wajerumani, na kwamba siku hizi makao ya wilaya yako Masoko. Basi baina ya miji hiyo miwili pana maneno ambayo mpira uliyakuta, haukuyaanzisha. Tena mjomba alikuwa mtu wa Simba, na yule beki wa Masoko aliyekuwa akimkaba alikuwa mtu wa Yanga. Wakati huo wote wawili hawakuwa wamefika Dar es Salaam.

Alifariki usiku, miaka michache iliyopita, katika masika. Nilipata habari alfajiri, nikafika Kivinje adhuhuri imepita, maiti ikiwa bado haijaoshwa. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa, "Twawangoja watu wa Masoko." Sikuelewa. Nilidhani wako ndugu huko nisiowajua.

Wakaja wazee watano pamoja na vijana wao, baadhi wamevaa kijani na manjano, wamechukua majembe na ndoo. Aliyetangulia, mzee mwembamba mwenye kuchechemea, alisimama mlangoni akabisha hodi kwa sauti kubwa isiyofaa msiba. "Hodi wafiwa! Tumekuja kumchukua mtu wetu." Mmoja wa wazee wetu akamjibu, "Mtu wenu tangu lini?" Akasema, "Tangu alipoanza kutusumbua." Wanawake waliokuwa wakilia uani wakacheka. Kisha akalaza jembe lake kizingitini akatangaza kwamba hakuna atakayeingia wala kutoka mpaka walipwe jogoo mmoja na shilingi elfu tano za chai, kwa kuwa wametembea na mvua kwa ajili ya mtu ambaye hata kufa amechagua siku mbaya. Wakapatana, kwa jogoo na elfu tatu.

Hayo niliyavumilia. Lakini maiti ilipokwisha kuoshwa na ikafika wakati wa kukafini, yule mzee, ambaye sasa nilikwisha kuambiwa kwamba ndiye beki, akashika nguo ya kwanza ya sanda, akainama sikioni mwa marehemu, akasema: "Kanzu tatu ulinivisha mbele za watu. Leo nami nakuvisha tatu. Deni limekwisha."

Nilisimama. Mimi ni mtu niliyesoma mbali, niliyekaa miaka katika nchi ambako msibani watu hunong'ona. Na yule alikuwa mjomba wangu, aliyenilipia ada ya shule. Nilitaka kumtoa yule mzee chumbani, na nilikwisha kumshika mkono. Binamu yangu akanitoa mimi. Huko nje mama mkubwa, aliyekuwa amesikia yote kwa dirishani, akaniambia maneno ambayo baadaye niliyaandika katika daftari langu kama alivyoyasema: "Mwanangu, kaa kitako. Wewe ni mfiwa. Mfiwa hashiki jembe, mfiwa hamvishi maiti wake. Hao ndio wenye kazi. Ungewafukuza, angelala humu mpaka lini?"

Naomba wasomaji waniwie radhi nikisimama kidogo juu ya usemi wa yule mzee, kwa maana ndiyo kazi yetu. "Kumvisha mtu kanzu", katika lugha ya wachezaji, ni kuuinua mpira ukapita juu ya kichwa chake ukamkuta mwenyewe nyuma yake. Istiari ni nzuri: mpira wapita kichwani kama vile nguo ipitavyo, na aliyevishwa hubaki amesimama, mikono imelegea, kama mtoto anayevalishwa na mama yake. Ni aibu kubwa kwa beki. Kanzu ni vazi la heshima, la Ijumaa na la arusi, lakini huyu hakuomba kuvishwa. Sanda nayo huvishwa asiyeomba. Kitenzi ni kimoja, "kuvisha", yaani kuvaa kwa mkono wa mwingine. Na hesabu haikuwa ya kubahatisha: maiti ya mwanamume, kwa sunna, hukafiniwa katika nguo tatu. Mzee yule alikuwa ameihifadhi idadi ya aibu zake kwa zaidi ya miaka arobaini, na siku aliyokuwa na haki ya kulipa, alilipa sawasawa, hakuzidisha wala hakupunguza. Mimi nilisikia matusi. Waliokuwamo chumbani walisikia mtu akimsamehe mwenzake mbele ya mashahidi, kwa lugha ambayo marehemu, laiti angesikia, angeifurahia kupita dua zetu nyingine zote.

Shehe wa msikiti hakuzuia. Alisema neno moja tu, kwa upole: "Utani wenu uishie mlangoni. Huko tuendako ni dua." Na ukaishia mlangoni. Walibeba jeneza kimya, wakachimba mwanandani kwa ustadi, wakashuka wao kuipokea maiti. Nasema haya kwa sababu baadhi ya waandishi wamezoea kueleza utani na Uislamu wa pwani kana kwamba vilikuwa vikigombana daima. Nilichokiona Kivinje ni mpaka uliokubaliwa na pande zote, na mpaka huo ulikuwa kizingiti cha nyumba. Haukuamuliwa siku ile.

Baada ya hapo nilianza kuuliza, Kivinje, Masoko, na Lindi mjini, jinsi wachezaji wa zamani wanavyozikwa. Si kila mahali wala si kila mara mambo huwa hivyo. Mjini Lindi niliambiwa na wengi kwamba siku hizi watu wa upande wa pili huja na jezi zao, hukaa pamoja, hutoa rambirambi yao, na mmoja wao hupewa nafasi ya kumsema marehemu kidogo. Hawachimbi tena, kwa kuwa wapo vijana wa mtaa. Lakini jambo moja lilinijia kutoka kila upande, nami sikulitarajia. Ukitaka kujua mchezaji alikuwaje, usiwaulize watu wake. Waulize watu wa pili.

Sisi wa Kivinje tulikuwa na sifa za mjomba kwa wingi: alikuwa hodari, alikuwa na mbio, aliwafunga Masoko. Ni sifa zinazoweza kushonewa mchezaji yeyote. Watu wa Masoko walikuwa na habari zake. Walijua kwamba alianza kila chenga kwa kulishusha bega la kulia. Walijua kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa wa kusimamia tu, na kwamba akisukumwa upande huo alirudisha mpira nyuma. Walijua kwamba alipokuwa amechoka aligusa soksi yake, na kwamba akikasirika alicheza vizuri zaidi, kwa hiyo waliambiana wasimkasirishe. Yule beki alisema alikuwa akimwota. Upendo wa washabiki huridhika na mabao. Mtu wa kumkaba hana nafasi ya kuridhika, maana asipomjua mwenzake ataaibika Jumapili. Ndiyo maana kumbukumbu ya upande wa pili huwa na viungo vya mwili na tabia, na yetu huwa na kelele.

Mambo ya mjini Kilwa yaweza kuonekana madogo, lakini nadhani yatusaidia kuelewa misiba mikubwa zaidi. Mwaka wa 1979 Hussein Tindwa wa Simba alianguka uwanjani Dar es Salaam katika mechi na Racca Rovers ya Nigeria, akafariki. Mwaka wa 2012, tarehe 6 Mei, Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na bao moja, la penalti, lilifungwa na Patrick Mafisango, kiungo aliyezaliwa Kinshasa na aliyekuwa akiichezea timu ya taifa ya Rwanda. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 17 Mei, akafa katika ajali ya gari Dar es Salaam. Siku zile nilikuwa Ulaya nikimalizia tasnifu yangu. Binamu yangu wa Lindi, mtu wa Yanga asiyekubali kuambiwa neno, alinipigia simu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa sababu ya gharama. Alikuwa bado hajameza yale mabao 5. Akasema, "Juzi ametufunga, leo amekufa, na sisi hatujamjibu. Sasa tutamjibu nani?" Niliona ni maneno ya ajabu wakati ule, nikayasahau, yalinirudia katika chumba cha Kivinje, nilipomsikia mtu aliyebahatika kujibu.

Tazama pia hali ya marehemu yule. Alikufa ugenini, ng'ambo ya Kongo nzima kutoka kwao, katika mji wa watu waliomjua kwa kazi yake tu. Mwili uliagwa Dar es Salaam kisha ukapelekwa Kinshasa. Huyu ni mpagazi wa njia ya Kilwa kwa namna nyingine. Anayeuza nguvu za miguu yake mbali na wajomba zake hana budi kutegemea kwamba waliomkuta huko watamlilia, na kwamba hata wale aliowaumiza watahesabu kuwa wana lao katika msiba. Walihesabu. Wakati ule mtu wa Yanga hakuhitaji ruhusa ya mtu ili ahuzunike.

Katika miaka ya karibuni nimeona magazeti na watangazaji wakiuacha polepole msemo wa "watani wa jadi". Badala yake husema "dabi", neno la Kiingereza, au "mahasimu", neno la asili ya Kiarabu. Sina ugomvi na maneno ya kuazima. Mwenye ugomvi nayo katika Kiswahili atakosa hata la kulitaja goli. "Jadi" yenyewe yatoka kwa Waarabu. Lakini yatupasa tuangalie neno linaondoka na nini. Dabi ni mechi. Ikiisha dakika ya tisini, imekwisha, na watu wake hawana jina. Hasimu ana jina, lakini hana kazi yoyote katika nyumba ya mwenzake. Akija msibani, ni haki kumwuliza amefuata nini. Mtani peke yake ndiye mwenye mahali pa kusimama pande zote mbili, uwanjani na mlangoni. Wako wanaosema kwamba mzaha wa siku hizi umekuwa mkali kupita kiasi, na kwamba washabiki hucheka hata vifo vya wenzao. Yawezekana. Mimi nauliza tu kama mtu aliyekuwa akiitwa mtani akaanza kuitwa hasimu anaweza kulaumiwa kwa kusahau jembe.

Siku ya tatu, baada ya kusoma hitima, yule mzee wa Masoko alibaki nyuma ya wenzake. Mtani ana haki ya kudai kitu kimoja cha marehemu, naye alidai daluga. Mama mkubwa akaingia ndani akakaa sana. Akatoka na jozi moja kuukuu, ngozi imekauka na kupasuka, zikiwa zimefungwa pamoja kwa kamba zake. Mzee akaziangalia, akasema ni ndogo, akasema siku zote alishangaa mtu mwenye mguu mdogo kama ule kupiga mpira kwa nguvu vile. Akazitia begani akaondoka. Mwaka uliofuata nilipopita Masoko nilikwenda kumsalimu, nikazikuta zimetundikwa juu ya mlango wake, upande wa ndani.